Mwana Kupona: tulishika beti za kutii, tukaacha za uaminifu



Kila mara harusi ya Kiislamu inapokaribia kati yetu, lazima mtu mmoja anirushie kwenye simu beti za Utendi wa Mwana Kupona. Na ni zile zile: mtii mume, usimjibu, omba ruhusa mbele ya kutoka. Zinatumwa kwa bibi harusi. Bwana harusi yeye anatumiwa pongezi tu. Mimi ule utendi nimeusoma wote, zaidi ya mara moja, na leo nataka tuusome kama watu waliofanya masomo, si kama watu wa kukata kipande na kubandika.

Kwanza tujue ni kitu gani. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa Pate, katika visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya ya leo. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siu, aliyepigana na Sultani wa Zanzibar. Alikufa 1856. Miaka miwili nyuma ya kifo hicho, Mwana Kupona akiwa mgonjwa, aliandikia binti yake Mwana Hashima beti kama mia moja za mashauri. Naye hakukaa sana; alikufa karibu 1860. Kwa hiyo hii si hukumu ya kadhi. Ni maneno ya mama mgonjwa anayetafuta kitu cha kumwachia mtoto.

Sasa, anaanza na nini? Hapa njo wengi hawafiki. Shauri la kwanza ni kushika dini. La pili ni adabu na ulimi mzuri. La tatu ni ukweli na uaminifu, na kutofuatana na mtu asiyeshika haki. Mume hajatajwa bado. Anakuja mbele zaidi, wa mwisho katika orodha ya watano ambao mtu anatafuta radhi zao: Mungu, Mtume, baba, mama, kisha mume. Lakini Werner na Hichens walipochapa utendi huu 1934 na tafsiri ya Kiingereza, jina walilokipa kitabu lilisema ni mashauri juu ya wajibu wa mke. Naona hata sisi wenye lugha tunausoma kwa miwani ile ile.

Sisemi kwamba utii haumo. Umo, na ni mzito. Anafika kusema kwamba siku ya ufufuo mume ndiye atakayeulizwa mke atendewe nini. Mimi kama mwanamke, ubeti ule unanikwama kooni, maana Kurani inafundisha kwamba kila nafsi inabeba mzigo wake yenyewe. Lakini muangalie pia pale anaposema mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema. Huyo si mtu wa kuogopa. Ni mwanamke aliyeishi na mtawala mwenye vita, anajua nani anashikilia nyumba, na kuna kicheko kidogo ndani ya maneno yake. Ubeti huo, wanaume wanaotuma zile zingine, sijaona hata mmoja akiutuma.

Kuna ubeti mwingine ambao sisi watu wa Maniema hatuwezi kuuruka. Mama anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, juu watamvuta kwenye aibu. Kwake yeye, adabu ni mali ya mwungwana, mtu huru. Na neno hilo lilifika hadi kwetu: Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Kililetwa na misafara ya pembe na ya watumwa, wakati wa Tippu Tip na wenzake kule Kasongo. Njia iliyotuletea sala ndiyo iliyopeleka watu wetu minyororoni. Hapo dini yenyewe inamsahihisha mshairi: Sura ya Hujurat, aya ya 13, inapima ubora wa mtu kwa uchamungu, si kwa ukoo.

Basi kinabaki nini? Kwangu zinabaki zile tatu za mwanzo, na zaidi ile ya tatu. Ile haichagui mume wala mke, haichagui 1858 wala leo. Uislamu wa kila siku uko sokoni na kwenye deni. Kurani iko na sura nzima, Mutaffifin, inayoanza kwa kuwatishia wanaopunja vipimo. Na aya yake ndefu kuliko zote, Bakara 282, inafundisha kuandika deni. Deni, wandugu! Si urefu wa kanzu.

Tujiangalie sasa. Ijumaa kofia iko kichwani, na kopo la kupimia unga limebonyezwa chini. Tuko na licence ya fedha, na makuta ya likelemba ya wenzetu tunayakalia miezi mitatu. Ukiulizwa unajibu "Inshallah." Neno la kumkabidhi Mungu ahadi yako limekuwa njia ya adabu ya kusema hapana.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alitii kila alichosomewa siku ya harusi. Mwaka wa pili, zamu yake ya likelemba ilipofika, bwana alichukua zile makuta akanunua pikipiki, akaiandikisha kwa jina la kaka yake. Mke alipolalamika, familia ilimkumbusha Mwana Kupona. Hapana. Kama wangeufungua ule utendi mwanzo, wangemkumbusha bwana.

Hiyo njo lawama yangu, na siielekezi kwa marehemu wa Pate. Yeye aliandikia mtoto wake mmoja, kwa wakati wake, na aliweka uaminifu mbele ya ndoa. Ni sisi tunaochagua beti zisizotugharimu.

Ombi langu ni dogo. Harusi inayokuja, mutume zile beti tatu za kwanza, na muzitume kwa wote wawili. Tena bwana harusi aanze kuzisoma, kwa sauti, mbele ya wakwe. Anayeona vingine aandike, nitamsoma. Ila aniambie kwanza kama deni lake la likelemba ameisha kulilipa.