Mbili Saba

Mazungumzo ya rubani na mwongoza ndege yamebanwa na kanuni kuliko utenzi. Anayeitwa hutajwa kwanza, anayeita hufuata, ndipo lije jambo lenyewe. Tarakimu kwa kawaida hutamkwa mojamoja. Mafumbo na kejeli ni marufuku. Hata urudiaji una kazi nyingine: kibwagizo cha mshairi hukoleza maana, cha rubani hukaguliwa. Ruhusa ya kutua ikitoka mnarani rubani huirudia, naye aliyeitoa hutega sikio asikie kama kuna kilichopotoka.

Masharti haya yamelipiwa kwa damu. Baada ya Boeing 747 mbili kugongana Tenerife mwaka 1977 na watu 583 kufa, neno la kuruka lilifungiwa: hutamkwa ruhusa inapotolewa au kufutwa tu.

Lakini umbo hili linavuja mahali, na Arusha inapaonyesha. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ilitua Kisongo, kwenye uwanja wa Arusha ulio chini ya Mlima Meru, kwenye njia isiyofika nusu ya urefu wa ile iliyokusudiwa. Magurudumu yaliishia kwenye nyasi, abiria walisalimika.

Sasa tuzisome namba. Njia ya Kisongo ni 09 upande mmoja na 27 upande wa pili. Ya KIA, umbali wa kilomita hamsini hivi, nayo ni 09 na 27. Namba ya njia ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri: 27 ni nyuzi 270. Inasema njia inaelekea wapi, haisemi iko wapi. Sidai kwamba namba ndiyo iliyoipoteza ndege ile. Ila sentensi “njia mbili saba” ni kweli tupu katika viwanja vyote viwili, na rubani akiirudia bila kosa mnara hauna cha kusahihisha. Akisema anaiona njia, ushahidi uliomo katika maneno hayo ni macho yake peke yake.

Linganisha na mwinuko. Ndege iliyosimama Kisongo husoma zaidi ya futi 4,500, kwa sababu kipimo huanzia usawa wa bahari, na kanieneo ya kukirekebishia hutolewa na mnara, ikarudiwa. Namba ile ina mzizi; ya njia haina.

Kinachobeba mahali ni jina la mnara, “Kilimanjaro” au “Arusha”, nalo kanuni inaruhusu liachwe mawasiliano yakishatulia. Hapo wahariri wa lugha hii wamebana mno. Ningelirudisha kwenye ruhusa ya kutua, hata likila nusu sekunde.