Ufundi wa Kutoamini Upesi

Ukitoka mji wa Plano, Texas, kuelekea kusini unaingia Richardson, ambako kipo Chuo Kikuu cha Texas tawi la Dallas. Wanafizikia wake walikuwa miongoni mwa mamia ya watafiti wa BaBar, jaribio lililokusanya data za migongano ya elektroni na positroni katika maabara ya SLAC, California, kuanzia 1999 hadi 2008. Naipenda kazi yao kama mtu apendavyo kazi ya fundi stadi, na hasa ninachokienzi ni jinsi walivyojua kukataa.

Elektroni na positroni zikikutana huangamizana, na nishati yao huzaa chembe mpya. Nyingi kati ya hizo hufa kabla hazijagusa chombo chochote. Mabaki yake tu ndiyo huonekana: njia iliyopindwa na sumaku, mwanga ndani ya kristali, muda wa safari. Mtafiti huyajumlisha mabaki hayo mpaka aitambue chembe iliyokwisha kutoweka.

Mwaka 2007, jaribio la Belle nchini Japani lilitangaza chembe mpya, Z(4430). Ilikuwa na kwaki nzito, yaani mojawapo ya chembe za msingi, pamoja na antikwaki yake, na chaji za hizo mbili hufutana. Lakini chembe yenyewe ilikuwa na chaji! Basi ilibidi iwe na kwaki nyingine ndani yake, jumla nne kwa uchache, ilhali mesoni ya kawaida huwa na kwaki moja na antikwaki moja.

BaBar nao wakazipekua data zao. Walijua mtego ulipo. Z(4430) hutafutwa pale chembe B inapovunjika na kutoa kaoni, pioni na chembe nzito ya tatu. Kaoni na pioni zikishikamana kwa muda mfupi, athari yake huweza kuinua nundu kwingine kwenye grafu, ikaonekana kana kwamba chembe mpya imezaliwa. Walikadiria athari hiyo kwa uangalifu mkubwa, kisha mwishoni mwa 2008 wakaeleza kwamba ushahidi waliouona hautoshi. Walikomea hapo, bila kudai kwamba Belle wamekosea.

Belle wakarudi kwenye data zao mwaka 2009, na tena 2013, safari hii wakichunguza nishati na pembe za mvunjiko kwa pamoja. Mwaka 2014, jaribio la LHCb la Geneva lilitumia matukio zaidi ya 25,000 na kuthibitisha kwamba chembe ipo. Shaka ya BaBar haikupotea bure: swali gumu lilidai jibu lililo imara zaidi.

Ukali huohuo umo katika ugunduzi wa Zc(3900), chembe nyingine ya aina hiyo. Mjini Beijing, jaribio la BESIII lilitafuta matukio yenye njia nne: pioni mbili, pamoja na jozi ya elektroni au miuoni iliyotokana na chembe J/psi. Hapo palihitajika jicho la anayechagua mchele kwenye ungo. Fotoni ikigonga kuta za chombo huzaa elektroni na positroni zinazokwenda karibu sambamba, na hizo huweza kudhaniwa kuwa pioni. Kwa hiyo kila jozi iliyobanana mno iliondolewa. Baada ya mchujo wote, matukio yaliyohesabiwa kuwa ya Zc yalikuwa kama 307. Belle, kwa data zao wenyewe, walipata kama 159. Ripoti hizo mbili zilichapishwa pamoja Juni 2013, na baadaye data za zamani za CLEO-c ya Marekani zikatoa ushahidi uleule.

Hadi leo wanafizikia wanabishana: je, kwaki hizo nne zimefungamana kuwa kitu kimoja, au ni mesoni mbili zilizoegemeana? Jibu litatoka kwa watu wa aina hii, wanaoyapima matokeo wanayoyatamani kwa ukali uleule wanaoyapimia ya wenzao. Ustadi huo haununuliwi pamoja na mtambo. Hufunzwa, na vyuo kama hicho cha Richardson vinastahili heshima kwa kuufunza.