Bega la Mpiga Smashi: Picha Hujibu Swali Lililoulizwa

Mwaka 2019, mchanga wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu ulichezewa mashindano ya kimataifa ya voliboli ya ufukweni. Katika mchezo huo kila smashi hudai mkono upande juu ya kichwa, ujipinde nyuma, kisha ushuke kwa nguvu zote. Bega la mchezaji likianza kuuma ndani kwa ndani na kualika, nyumbani huulizwa: twende wapi tukapige picha? Mimi naona swali la kutangulia ni hili: picha hiyo ikatafute nini?

Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe cha kombe la bega, na kikombe chenyewe ni kidogo, hakina kina. Ndiyo maana kimezungushiwa pete ya gegedu iitwayo labramu. Mama aliyewahi kujitwika mtungi anaijua kazi yake: labramu ni ngata. Ngata ikichanika, mtungi hauanguki papo hapo, ila hautulii tena.

Ngata hii huchanika hasa mahali pawili. Pa kwanza ni mbele upande wa chini, bega linapoteguka. Jeraha hilo lina jina la Bankart, mpasuaji wa London aliyelieleza mwaka 1923. Pa pili ni juu, kano ya baisepsi inapojishikiza, na jeraha la hapo huwapata sana wanaorusha au kupiga mpira. Hilo Stephen Snyder na wenzake wa Marekani waliliita SLAP mwaka 1990. Daktari akiuliza kama bega liliwahi kuchomoka, kisha akauzungusha mkono taratibu, ameshajua atazame upande gani.

Hatua ya kwanza ni eksirei. Haioni gegedu, lakini huona ukingo wa kikombe uliomeguka, au bonyeo nyuma ya kichwa cha mfupa, alama iliyoelezwa na Hill na Sachs mwaka 1940. Bonyeo hilo hushuhudia kwamba bega lilitoka, hata kama lilirudi lenyewe. Ultrasaundi huzisoma vizuri kano za juu ya bega, ila labramu imejificha ndani mno.

Hapo ndipo MRI inapohitajika, na namna ya kuipiga ina uzito wake. Katika MRI ya kawaida, ufa uliojifumba unaweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo mtaalamu huingiza ndani ya kiungo takribani mililita 12 za dawa ya gadoliniamu iliyozimuliwa. Kiungo hutuna, dawa hupenya ufani na kung'aa pichani. Kisha mgonjwa huweka kiganja nyuma ya kichwa. Mkao huo huzivuta kano za mbele na kuufumbua ufa. Pasipo na MRI, CT yenye dawa ya aidini ndani ya kiungo hufaa pia.

Hata hivyo, picha nzuri huweza kupotosha. Wako watu waliozaliwa na mwanya kwenye labramu, mbele upande wa juu, nao si ugonjwa. Na katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, watu 53 wa miaka 45 hadi 60 wasio na maumivu yoyote walipigwa MRI. Zaidi ya nusu walisomwa kuwa na labramu iliyochanika upande wa juu. Kwa hiyo mtu asipasuliwe kwa sababu ya picha peke yake.

Kutoka Rubavu hadi Kigali, iliko MRI ya Hospitali ya King Faisal, ni takribani kilomita 150 za milima, nauli na siku ya kazi. Safari hiyo haistahili karatasi iliyoandikwa "maumivu ya bega" tu. Iandikwe: "Mpiga smashi, miaka 22, bega limetoka mara mbili, huogopa kuinua mkono, tazama labramu ya mbele chini." Kwa mstari huo, mpiga picha atajua kama dawa inahitajika, mkono uwekwe vipi na jicho lianzie wapi. Mstari huo huandikwa kwa kalamu, na kila kliniki ya Rubavu inayo.