Jicho la Waridi

Bibi mmoja wa Buhare, hapa Musoma, ana mawaridi mekundu yanayoishi juu ya mizizi isiyo yao. Ukipita njiani hutajua. Mpaka uchuchumae, usogeze majani, ndipo utaona karibu na udongo kiuvimbe kama kifundo cha kidole. Hapo ndipo alipobebesha.

Kubebesha ni neno la watu wa miembe na michungwa, nami nalipenda kwa sababu halifichi kitu: mti mmoja unapewa mwenzake umbebe.

Mbebaji wake ni waridi la zamani la uani, lile lenye vijiua vyepesi vinavyopukutika upesi, lakini kiangazi kikikausha mahindi lenyewe halina habari. Hukata kijiti, hukichomeka kwenye kopo la mchanga na mbolea ya ng'ombe, kisha hukiacha miezi mpaka kinenepe kama penseli. Waridi lenye ua kubwa la kujivunia mara nyingi ni legelege miguuni. Hata mashamba ya Naivasha, yanayopeleka maua Ulaya kwa ndege, hubebesha mengi juu ya shina liitwalo Natal Briar.

Hashiki wembe mpaka mvua za vuli zikolee. Maji yakipanda shinani, gome huachia lenyewe. Wakati wa ukavu hung'ang'ania, na ukilazimisha linachanika.

Siku niliyomkuta kazini nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Alikuwa na tawi lililotoka kuchanua. Akausukuma mwiba kwa kidole gumba, kiubavu. Ukachomoka safi. "Limekomaa hili, mjukuu wangu," akasema. Mwiba ukipinda bila kung'oka, tawi bado changa na macho yake hayafai.

Jicho lenyewe ni kitone kinacholala kwenye kwapa la jani. Alilikata jani, akabakiza kikonyo chake kifupi cha kushikia, kisha akapitisha wembe chini ya jicho na kulitoa na kipande cha gome chenye umbo la ngao, urefu wa ukucha hivi. Nyuma yake akabandua kijiti chembamba. Kazi yote inategemea utando ulio kati ya gome na mti, mbichi, wa kuteleza, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Utando wa huyu usipogusana na wa yule, hakuna undugu. Ndiyo maana hagusi pale palipokatwa, wala hapigi soga katikati. Kwenye shina alikwishachanja alama ya T. Akainua gome pande mbili kama anayefungua kola ya shati, akaliteremsha jicho ndani. Sikuhesabu, lakini hata chai yangu haikupoa.

Zamani alifungia vipande vya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini, Juni 1, 2019, hutumia pakiti za maziwa zilizooshwa na kukatwa utepe. Anakaza chini, anakaza juu, jicho analiacha wazi lipumue. (Mimi niliwahi kufunga langu lote kama kidonda, likaoza.)

Kisha anakaa. Hapo ndipo namwonea wivu, maana mimi ningefungua kila asubuhi kuchungulia. Yeye humwagilia jioni, chini tu, na kopo hulihamishia kivulini mwa mpapai. Baada ya wiki mbili au tatu anakigusa kile kikonyo kwa ncha ya kidole. Kikidondoka chenyewe, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa. Likishaanza kuchipua ndipo hulikata shina juu yake, na tangu hapo huwa mkali kwa machipukizi yanayotoka chini, kwenye mizizi. Hayakati, huyang'oa kutoka pale yanapoanzia, maana yakiachwa yale ya kienyeji yatakula chakula chote, na baada ya miaka utabaki na vijiua vyepesi ukidhani waridi lako limegeuka.

Nilirudi siku ya kugusa. Makopo yalikuwa matano. Vikonyo vinne vilidondoka. Cha tano kiligoma, cheusi. Bibi hakusema neno; alilizungusha kopo, akatafuta upande wa shina ambao haujachanjwa, akaomba nimpe wembe.