Nguvu Iliyolala

Land Cruiser ya watalii ikiingia gereji hapa Arusha ikiwa imeinamia upande, dereva hana haja ya kueleza. Barabara ya kutoka Ngorongoro kupitia Naabi hadi Seronera ina mikunjo kama bati, na gari lililorefushwa, likapasuliwa paa, likajazwa wageni, maji na mafuta, huipiga mikunjo ile kutwa nzima. Springi huchoka.

Watu husifu fundi wa injini, na sikatai. Mimi nikipata nafasi huvuta kigoda nikamtazame fundi wa springi, maana anashika kitu kisichoonya. Injini mbovu hugonga, betri inayoungua hunuka; springi iliyobanwa iko kimya kama chuma chochote sakafuni. Chukua koili inayotaka uzito wa kilo 500 ili ifupike sentimita 10. Ibane sentimita 15, na ndani yake umeweka nguvu ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioinuliwa juu kidogo ya mita moja. Robert Hooke aliichapisha kanuni yake mwaka 1678: kadiri unavyoinyoosha springi, ndivyo inavyokuvuta. Fundi wangu hajamsoma Hooke, lakini mkono wake hauingii kati ya koili na ekseli hata spana ikidondoka humo. Huichokoa kwa fimbo.

Land Cruiser 78 na 79 zilizotoka kuanzia mwaka 1999 zina koili mbele na vyuma bapa nyuma, kwa hiyo gari moja humpa kazi mbili tofauti. Ya mbele huanza polepole kiasi cha kumuudhi mwenye haraka. Magurudumu ya nyuma yawekewe vigingi. Chasisi ikae juu ya stendi za chuma, si matofali, kwa kuwa tofali hupasuka bila kuaga. Jeki ya pili ishike ekseli. Ndipo afungue shokapu, maana ndizo zinazoizuia ekseli isining'inie, kisha aishushe jeki kidogo kidogo huku macho yake yakiwa kwenye mpira wa breki, usije ukavutika. Koili hulegea yenyewe. Akiweza kuizungusha kwa vidole viwili, huitoa kama anayetoa yai kiotani.

Gari dogo lina hatari zaidi, kwani koili yake imeizunguka shokapu na haitoki bila kubanwa kwa vibano viwili vinavyotazamana, vikikazwa kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Niliwahi kumwona mtu akiifunga kwa waya. Nilihama na kigoda changu.

Nyuma ya Land Cruiser ndiko ninakopenda. Vyuma bapa vimepangwa kimoja juu ya kingine, vimeshonwa na boliti moja katikati, na anayeifungua boliti hiyo bila kuvibana kwanza kwenye jiliwa atavikuta vimetawanyika, kimojawapo pengine kifuani pake. Siku moja kijana wa kazi alikuwa amekwisha kuinama juu ya vyuma hivyo.

"Dogo, uso!" fundi alisema, bila kupandisha sauti. Kijana akajisogeza pembeni.

Yuboti za zamani, zile zinazoifunga springi kwenye ekseli, alizitupa, ingawa zilionekana nzima. Zikishavutika mara moja hazibani tena sawasawa. Mpya alizikaza kwa kukatisha pembe, na springi alibadilisha zote mbili, kulia na kushoto, japo iliyovunjika ni moja. Nilishangaa alipoziacha boliti za bushi zikiwa legelege. Aliteremsha gari kwanza, akalitikisa mpaka likakaa kimo chake, ndipo akalala tena chini kuzikaza. Ukizikaza gari likiwa hewani, raba ya bushi hukaa imesokoteka siku zote, na haikawii kuchanika.

Springi kuukuu haitupwi. Mhunzi huja kuichukua, akafua panga au sime. Chuma kilichozoea kupinda na kurudi kinashika makali vizuri.

Dereva akanyoosha mkono kuomba funguo. Fundi akamwambia azunguke mjini kwanza, arudi yuboti zikazwe tena.

"Wageni wananisubiri hotelini, fundi."

"Basi wapelekee gari jingine, baba," akajibu, akaketi juu ya springi ya zamani na kufungua chupa yake ya chai.