Kupanga Picha za Mbooni Bila Cheti cha Kamera

Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo ilijumuisha Makueni ya leo. Sehemu ya ushahidi wao ilikuwa picha za ndege za 1948, 1961 na 1978. Picha za namna hii hupigwa zikipishana kwa takriban asilimia 60, hivyo kilima kimoja cha Mbooni, huko Makueni, huonekana kutoka pande mbili. Tofauti ya pande hizo ndiyo inayobeba kimo.

Ili kompyuta isome kimo hicho, kila nukta ya picha ya kwanza iangukie mstari uleule wa mlalo katika ya pili. Cheti cha kamera, chenye vipimo vya lenzi yake, hurahisisha kazi. Kikikosekana, picha zenyewe zinatosha.

Kwanza, nukta huoanishwa. Nane zinatosha kinadharia. Mamia ni bora. Hapa Mbooni ni pagumu, maana matuta ya fanya juu, yaani ngazi za shambani za kuzuia mmomonyoko, hufanana, na la tatu huoanishwa na la nne. Mbinu ya Fischler na Bolles ya 1981 huchagua nukta chache kwa nasibu, hukokotoa uhusiano wa picha, kisha hutupa zinazoukataa. Lakini oanisho lililoteleza kufuata mwelekeo wa ndege halikataliwi. Ndege ikiwa ilikatiza matuta, kagua kwa macho.

Uhusiano huo wa picha mbili ni jedwali la namba, 3 kwa 3. Mwaka 1997 Richard Hartley alionyesha kwamba hesabu hutulia nukta zikisogezwa kwanza hadi wastani wao uwe sifuri, kisha zikapunguzwa ukubwa. Mwaka 1999 akaeleza jinsi ya kukunjua picha zote mbili hadi mistari ya ulinganifu, yaani ile ambamo mwenza wa kila nukta hupatikana na ambayo hukutana penye nukta moja, iwe sambamba.

Kukokotoa jedwali hilo kunahitaji miinuko. Mbooni inayo, lakini juu ya uwanda wa Yatta nukta hulala bapa, na majedwali mengi hukubalika kwa pamoja.

Tena, kupanga si kupima. Matokeo hutoa umbo lililopindika, bila mita. Anayetaka kina cha korongo apime ardhini angalau nukta 5, nne zozote zisiwe kwenye bapa moja. Bila hizo, asiandike mita.