Sayari za Gustav Holst: mpango wa sehemu na maana ya kazi nzima

Sayari, kazi ya okestra yenye sehemu saba, ilitungwa na Mwingereza Gustav Holst kati ya mwaka 1914 na 1917. Wengi huichukua kuwa picha ya anga. Maoni hayo hayatoshi, kwa kuwa kilichomvuta mtunzi ni unajimu. Kila sehemu imepewa jina la pili linalotaja tabia: Mirihi ni mleta vita, Zuhura mleta amani, Zohali mleta uzee. Hapo msomaji wa Kiswahili hayuko ugenini, maana majina hayo, yaliyotoka katika Kiarabu, ni ya wanajimu tangu zamani. Dunia haimo katika kazi hii. Ndiko anakosimama binadamu anayezitazama nyota zake.

Kwa hiyo mpango wa sehemu haufuati safu ya angani. Mirihi, sayari ya nne kutoka kwenye jua, imetangulizwa. Inakwenda kwa mapigo matano, hesabu isiyompa askari nafasi ya kupiga hatua sawasawa, na wapiga fidla wanagonga nyuzi kwa ubao wa upinde. Kisha pembe moja inapanda taratibu, filimbi zinaijibu, na Zuhura imeingia. Utulivu wake unapata uzito kwa sababu sikio bado limejaa kishindo cha vita.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni ile ya Mshtarii na Zohali. Baada ya furaha na ngoma, zinasikika sauti mbili zinazopokezana bila haraka, kama nyayo za mzee. Holst mwenyewe aliipenda Zohali kuliko sehemu nyingine zote. Uranusi, pamoja na vishindo vyake vingi, haifikii kina hicho. Neptuni ndiyo inayofunga: kwaya ya wanawake, iliyofichwa katika chumba cha kando, inaimba bila maneno, na mlango unafungwa polepole hadi sauti inapotea.

Historia ya kazi hii imeuvunja mpango huo mara nyingi. Mwaka 1921 wimbo mpana wa Mshtarii uliunganishwa na shairi la Cecil Spring Rice, ukawa wimbo wa uzalendo wa Waingereza. Okestra nazo zilizoea kupiga sehemu chache na kumalizia kwa Mshtarii, ili watu waondoke wakichangamka. Holst alichukizwa na desturi hiyo, na alikuwa na haki. Furaha iliyowekwa mwisho inadai kwamba uzee na fumbo la kifo havipo, hali kazi yenyewe inaelekea huko tangu pigo la kwanza.

Sayari huchukua dakika hamsini hivi. Inafaa kuisikiliza yote, mpaka mlango ufungwe.